Besiboli: Kununua Nyota au Kulea Chipukizi?

Kila mwaka msimu wa besiboli ya Marekani unapokwisha, ubishi huanza upya. Je, timu inayotaka ubingwa iende sokoni kununua nyota walio tayari, au ijifunge kibwebwe na kulea chipukizi wake yenyewe kutoka ligi za chini? Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: lea kwanza, nunua mwisho. Timu inayonunua kabla ya kulea inalipia mambo ya jana. Lakini pia nasema hivi: wanaousifu ulezi huo wana deni wasilopenda kulitaja, na leo tutalitaja.

Huenda ukauliza mtu wa kuandika programu anatafuta nini katika mchezo ambao wengi wetu hapa Kenya hatujawahi kuushika hata mpira wake. Jibu ni data. Sijui mchezo mwingine uliowekewa takwimu kwa bidii na kwa muda mrefu kama besiboli. Tangu 2015, mfumo unaoitwa Statcast umefungwa katika viwanja vyote 30 vya ligi kuu, nao hupima kasi ya kila mpira unaorushwa na kila mpira unaopigwa. Kwa hiyo suala hili si la kubishania kwa kelele tu kama tunavyobishania Gor Mahia na AFC Leopards. Linaweza kuhesabiwa.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Ligi kuu, yaani MLB, ina timu 30. Kila timu ina timu nne za chini zilizopangwa kwa ngazi: Single-A, High-A, Double-A na juu kabisa Triple-A, mbali na timu za wanagenzi walio chini ya hapo. Wamarekani wenyewe huuita mfumo huu shamba, na jina limekaa mahali pake. Unapanda, unapalilia, unangoja mvua. Vijana huingia shambani kwa njia mbili. Wa Marekani, Kanada na Puerto Rico huchaguliwa kwa drafti, na simaanishi ile drafti yetu ya vifuniko vya soda. Hii ni siku ambayo timu huchagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi, na kwa kawaida timu dhaifu hupata nafasi za mbele. Wale wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko duniani husaini mikataba moja kwa moja, kuanzia umri wa miaka 16.

Kijana akishapanda ligi kuu, bado si mtu huru. Kwa miaka mitatu hivi ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwetu ni hela nyingi sana, lakini subiri uone wenzake wanavyolipwa. Miaka mitatu inayofuata anaweza kudai nyongeza mbele ya msuluhishi. Akimaliza miaka sita kamili ndipo anakuwa mchezaji huru, anaweza kuuza kipaji chake kwa timu yoyote inayomtaka. Miaka sita. Shika nambari hiyo, maana ndiyo moyo wa hadithi yote.

Mambo haya mawili, shamba na soko, yana historia tofauti. Shamba lilibuniwa na Branch Rickey akiwa na St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Cardinals hawakuwa na pesa za kushindana na klabu tajiri katika kununua wachezaji, kwa hiyo Rickey akaanza kununua hisa katika timu ndogo za mikoani ili avune wachezaji kabla bei zao hazijapanda. Ni Rickey huyohuyo ambaye baadaye, akiwa Brooklyn Dodgers, alimsaini Jackie Robinson. Hata Robinson alipitia shambani, msimu wa 1946 huko Montreal, kabla ya kuingia ligi kuu mwaka 1947 na kuvunja ukuta wa rangi.

Soko lilikuja kwa jasho na machozi. Zamani klabu ilimmiliki mchezaji maisha yake yote ya kucheza. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kuurefusha mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1969 Curt Flood wa Cardinals aliuzwa Philadelphia, akakataa kwenda, akaishtaki ligi. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1972. Lakini chama cha wachezaji, chini ya Marvin Miller, hakikulala. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru baada ya kucheza mwaka mmoja bila kusaini mkataba mpya. Mwaka uliofuata pande zote mbili zilikaa chini, na kile kiwango cha miaka sita kikazaliwa.

Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kijana anayechaguliwa kutoka chuo kikuu huwa na miaka 21 hivi. Akikaa shambani miaka miwili au mitatu, anaingia ligi kuu akiwa na 23 au 24. Ongeza sita. Anakuwa huru akiwa na miaka 29 au 30. Na takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba wapigaji wengi hufika kileleni wakiwa na miaka kati ya 26 na 29, kisha miguu huanza kuwa mizito na macho huchelewa kuuona mpira. Umeona mtego? Siku ambayo mchezaji anaruhusiwa kuuzwa sokoni ndiyo siku anayoanza kuteremka mlima. Anayemnunua hulipa bei ya kileleni, kisha hutembea naye kwenye mteremko.

Mfano bora kabisa ni Kris Bryant, kwa sababu yeye peke yake anazionyesha pande zote mbili. Chicago Cubs walimchagua katika drafti ya 2013, nafasi ya pili. Alipanda ligi kuu Aprili 2015 na kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake. Mwaka 2016 akawa Mchezaji Bora kabisa wa ligi hiyo, na Cubs wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, miaka 108 ya ukame. Msimu huo Bryant alilipwa dola 652,000. Machi 2022, akiwa na miaka 30, Colorado Rockies walimnunua kwa dola milioni 182 za miaka saba. Katika misimu yake minne ya kwanza huko Colorado, 2022 hadi 2025, majeraha yalimwacha acheze mechi 170 tu. Msimu mmoja una mechi 162! Rockies wenyewe walipoteza mechi 119 mwaka 2025.

Mtu ni yuleyule. Klabu moja ilipata ubingwa kwa chini ya dola milioni moja, nyingine ikapata bili ya hospitali kwa milioni 182. Simlaumu Bryant hata chembe. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu kuna jambo jingine katika kisa chake ambalo mwandishi yeyote wa programu atalitambua mara moja.

Kama Bryant ni mfano wa mchezaji, Los Angeles Angels ni mfano wa klabu. Mwaka 2009 Angels walimchagua Mike Trout katika nafasi ya 25. Nafasi hiyo haikuwa yao kwa asili: waliipata kama fidia kutoka kwa New York Yankees, waliokuwa wamemnunua Mark Teixeira kutoka kwao. Yaani walipoteza mchezaji sokoni, wakapewa mbegu, na ile mbegu ikaota na kuwa mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake, mshindi wa tuzo ya Mchezaji Bora mara tatu. Ungedhani wangejifunza.

Desemba 2011 Angels walikwenda sokoni na kumnunua Albert Pujols kutoka Cardinals kwa miaka kumi na takriban dola milioni 240, na mrushaji C. J. Wilson kwa milioni 77.5. Mwaka mmoja baadaye wakamchukua Josh Hamilton kwa milioni 125. Pujols alikuwa karibu kutimiza miaka 32. Huko St. Louis alikuwa amepiga kwa wastani wa .328 katika misimu 11. Kwa Angels hakufikisha.300 hata msimu mmoja, na Mei 2021 walimwacha kabla mkataba haujaisha. Kanuni za wakati ule pia zilikuwa kali kwa wanunuzi: ukisaini nyota wa aina hiyo, unaitoa nafasi yako ya drafti. Angels hawakuwa na chaguo la raundi ya kwanza mwaka 2012 wala 2013. Mkulima anayekula mbegu zake ili ashibe leo, msimu ujao atapanda nini?

Na ile nafasi ya 2012 ilikwenda wapi? Ilikwenda Cardinals kama fidia ya Pujols. Wakaitumia kumchagua mrushaji anayeitwa Michael Wacha. Mwaka uliofuata, 2013, Wacha akawa mchezaji bora wa nusu fainali na kuipeleka St. Louis kwenye fainali kuu, World Series. Angels katika miaka yote ya Pujols walifika hatua ya mtoano mara moja tu, 2014, wakapigwa 3-0 na Kansas City Royals. Waliowapiga ni akina nani? Eric Hosmer, Mike Moustakas, Alex Gordon, Salvador Perez: wote zao la shamba la Royals. Hata baadaye Angels walipokuwa na Trout pamoja na Shohei Ohtani, kuanzia 2018 hadi 2023, hawakuiona hatua ya mtoano tena. Nyota wawili wa aina hiyo hawawezi kuziba mashimo 20 yaliyoachwa na shamba kavu.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Unaweza kununua kipande kilichokamilika kutoka kwa mwingine na kukifunga kwenye mfumo wako kesho asubuhi. Kitafanya kazi. Lakini ujuzi wa kukitengeneza haukuja pamoja nacho, na kikiharibika unarudi sokoni na bei imepanda. Anayejenga mwenyewe huchelewa, lakini hubaki na watu wanaojua kila waya umepita wapi. Shamba la besiboli haliwi na faida kwa kuzaa wachezaji tu. Linazaa walimu, wasaka vipaji, wachambuzi wa data na mazoea ya kazi, na hivyo havipatikani kwenye orodha ya wachezaji huru wa Desemba.

Wenye kutilia shaka hoja hii watanitajia Los Angeles Dodgers, nao wana haki. Desemba 2023 Dodgers walimsaini Ohtani kwa miaka kumi na dola milioni 700, huku milioni 680 zikiahirishwa kulipwa hadi baada ya mkataba. Mwezi huohuo wakamchukua mrushaji Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325. Wakatwaa ubingwa 2024, wakaurudia 2025. Pesa imeshinda, au sivyo?

Hebu tuangalie kwa karibu. Aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali ya 2024 ni Walker Buehler, aliyechaguliwa na Dodgers katika drafti ya 2015. Aliyeupiga mpira nje ya uwanja katika kipindi cha 11 cha mechi ya saba mwaka 2025 na kuamua ubingwa ni Will Smith, drafti ya 2016. Mookie Betts waliyemleta 2020 hawakumpata kama mchezaji huru. Walimbadilisha na Boston kwa wachezaji wakiwemo Alex Verdugo na Connor Wong, waliotoka katika drafti zao wenyewe. Kwa hiyo shamba liliwapa wachezaji na liliwapa pia sarafu ya kubadilishia. Dodgers hawakununua badala ya kulea. Walinunua juu ya kulea. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya paa lililowekwa juu ya kuta na paa lililowekwa juu ya hewa.

Ukitaka kumwona mnunuzi asiye na kuta, tazama New York Mets wa 2023. Walianza msimu wakiwa na jumla ya mishahara iliyokuwa kubwa kuliko yoyote katika historia ya ligi hadi wakati huo. Warushaji wao wawili, Max Scherzer na Justin Verlander, kila mmoja alikuwa na mkataba wa dola milioni 43.3 kwa mwaka, mmoja akielekea miaka 39 na mwingine ameshafika 40. Mets wakamaliza na ushindi 75 na kushindwa 87, na wote wawili wakauzwa katikati ya msimu. Waliuzwa kwa nini? Kwa chipukizi! Klabu tajiri kuliko zote ililipa sehemu kubwa ya mishahara ya wazee wake ili ipate mbegu za shamba.

Na Cubs wa 2016 ndio wanaoonyesha kanuni yangu kwa ukamilifu. Walianza kwa kulima: walipoteza mechi 101 mwaka 2012 huku wakipanda akina Bryant, Javier Báez na Willson Contreras. Walipoona mimea imeshika ndipo wakaenda sokoni, wakamnunua mrushaji Jon Lester kwa milioni 155 Desemba 2014 na Ben Zobrist kwa milioni 56 mwaka uliofuata. Zobrist ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali. Lea kwanza, nunua mwisho.

Mgala muue na haki umpe. Shamba nalo hudanganya. Barry Zito alikuwa mrushaji aliyelelewa na Oakland; San Francisco Giants walipomnunua kwa milioni 126 mwishoni mwa 2006 alivurunda kiasi kwamba mwaka 2010 waliposhinda ubingwa hawakumweka hata kwenye orodha ya hatua ya mtoano. Warushaji wanne walioanza mechi zile wote walikuwa wa drafti ya Giants: Lincecum, Cain, Sanchez na Bumgarner. Lakini mwaka 2012 Zito huyohuyo aliwaokoa Giants wasitolewe na Cardinals, kisha akashinda mechi ya kwanza ya fainali, na taji likarudi San Francisco. Wakati mwingine aliyenunuliwa hulipa deni akiwa amechelewa.

Na mbegu nyingine haioti. Mwaka 2013, nafasi moja kabla ya Bryant, Houston Astros walimchagua Mark Appel. Appel hakucheza ligi kuu hadi 2022, akiwa na miaka 30 na akiwa na klabu nyingine. Chicago White Sox walimuuza mrushaji wao Chris Sale mwaka 2016 ili wajenge upya kwa chipukizi. Walifika hatua ya mtoano 2020 na 2021, wakatolewa raundi ya kwanza mara zote mbili, na mwaka 2024 wakapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote tangu 1900. Chipukizi ni uwezekano tu, si ahadi. Ndiyo maana mwenye shamba hupanda mengi, wala hauzi ng'ombe wote kwa ajili ya mche mmoja.

Kama bado una shaka thamani iko wapi, angalia wezi wanaiba nini na mahakimu wanatoza nini. Astros walijenga hifadhidata iliyoitwa Ground Control, wakaweka humo kila walichojua kuhusu wachezaji na chipukizi. Mkuu mmoja wa kusaka vipaji wa Cardinals, Chris Correa, aliingia humo kwa kukisia nenosiri la mtu aliyewahi kufanya kazi naye St. Louis kabla ya kuhamia Houston. Mtu huyo alikuwa anatumia nenosiri linalofanana na lile la zamani. (Somo la bure hilo, badilisheni manenosiri.) Julai 2016 Correa alihukumiwa kifungo cha miezi 46. Ligi iliwatoza Cardinals dola milioni mbili na, zaidi ya hapo, chaguo zao mbili za juu za drafti zikapewa Astros.

Miaka mitatu baadaye kibao kiligeuka. Januari 2020 ligi ilitangaza kwamba Astros, mabingwa wa 2017, walikuwa wakitumia kamera kunasa ishara za wapinzani na kugonga mapipa ya taka ili kumjulisha mpigaji. Adhabu: dola milioni tano, na chaguo za raundi ya kwanza na ya pili za drafti mbili mfululizo. Umeona? Klabu za besiboli huzioni zikilia kwa sababu ya pesa. Ukitaka ziumie, chukua mbegu.

Sasa nililipe lile deni. Kwa nini shamba lina faida kubwa hivyo? Sehemu ni ujuzi, nimesema. Lakini sehemu nyingine ni kwamba kijana halipwi anachostahili. Rudi kwa Bryant. Ili mchezaji ahesabiwe mwaka mmoja wa utumishi, anahitaji siku 172 katika ligi kuu. Mwaka 2015 Cubs walimwacha Triple-A kwa siku chache za mwanzo wa msimu, wakampandisha Aprili 17. Msimu ulipokwisha alikuwa na siku 171. Moja pungufu. Sisi tunalijua kosa hili la kuhesabu moja pungufu, hutukosesha usingizi; hapa lilitokea upande uliomfaa mwenye klabu. Klabu ilisema kijana alihitaji kuboresha ulinzi wake, na msuluhishi aliipa klabu ushindi mwaka 2020. Siku moja ikawa mwaka mzima wa uhuru.

Na Bryant ni yule aliyefanikiwa. Wengi shambani hawafiki juu kamwe. Kabla ya 2023 mchezaji wa Triple-A, hatua moja tu chini ya ligi kuu, alikuwa na kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka, na wa ngazi za chini walipata kidogo kuliko hapo. Ilibidi waende mahakamani, na mwaka 2022 ligi ikakubali kulipa milioni 185 kumaliza kesi. Mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wachezaji, na mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ukapandisha kima hicho cha Triple-A hadi dola 35,800. Je, mashamba yalikufa? Hayakufa. Basi ule uchumi wa kubana vijana haukuwa wa lazima hata kidogo.

Kwetu Afrika jambo hili lina uzito wake. Hakuna Mwafrika atakayenunuliwa kama mchezaji huru kabla hajalelewa na mtu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisainiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akakaa shambani zaidi ya miaka minane, na Aprili 26, 2017 akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mpira wa kwanza aliopigia alirushiwa na Jon Lester yuleyule wa Cubs, naye akaupiga salama. Jirani zetu Uganda walipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo, na mwaka 2022 Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Uganda. Mlango wa watoto hawa ni shamba. Ukiwa mlango wa njaa, atakayeingia ni yule tu ambaye kwao kuna akiba.

Ipo njia ya haki, na Atlanta Braves wameipita. Mwaka 2019 walimpa Ronald Acuña Jr., akiwa na miaka 21, mkataba wa miaka minane wa dola milioni 100. Mwaka 2022 wakawafanyia hivyo Austin Riley na Michael Harris II. Kijana anapata uhakika mapema, klabu inapata miaka yake bora. Wapo wanaosema Acuña aliuza rahisi, na huenda ni kweli, lakini angalau pesa ilimfikia akiwa bado anakimbia. Nyongeza nyingine ni ya 2022: ligi ilikubali kutenga dola milioni 50 kila mwaka kuwatuza vijana ambao bado hawajafika hatua ya kudai nyongeza, na chipukizi wawili wanaoongoza kura za mchezaji bora chipukizi wakapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama siku hazikutimia. Mtego wa siku 171 umezibwa nusu.

Mkataba huo wa 2022 kati ya wamiliki na wachezaji unaishia Desemba 2026, na wengi wanazungumzia kuwekea mishahara kikomo ili Dodgers wasiwameze wenzao. Mimi naona wanaziba tundu lisilovuja. Tatizo halikuwa kamwe kwamba Ohtani analipwa sana akiwa na miaka 30. Tatizo ni kwamba Bryant alilipwa kidogo akiwa na miaka 24, kisha tukashangaa kwa nini alidai vyote mara moja baadaye, kutoka kwa watu ambao hawakuvuna lolote kwake. Leteni ule uhuru chini, kutoka miaka sita hadi minne, na soko lenyewe litaacha kulipia jana. Klabu zitalazimika kulea vizuri zaidi, na wanaolelewa watakula wakati chakula bado kina moto.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Hawakusema umkunje kisha usimlishe.